Istilahi za Breki: Kutoka Mteremko wa Rungwe hadi Diski za Kaboni-Kauri

Utangulizi

Katika makala hii tunakusudia kuzungumzia istilahi za kifaa kimoja ambacho kila msafiri hukitegemea, ingawa ni wachache wanaokifikiria mpaka siku kinapowakosa. Kifaa hicho ni breki ya gari.

Mambo mawili yametusukuma kuandika. La kwanza ni barabara itokayo Uyole, Mbeya, kupitia Wilaya ya Rungwe hadi mpaka wa Malawi. Katika barabara hiyo maneno ya breki husemwa kila siku na madereva, matingo, mafundi na abiria. La pili ni maandishi ya kitaalamu yanayozidi kuwafikia wafasiri wetu kuhusu breki za aina mpya, hasa diski za kaboni-kauri zinazouzwa kwa wenye magari ya mwendo mkali wanaotaka kuondoa diski za chuma walizonunua pamoja na gari.

Msomaji anaweza kuuliza: lori la ndizi la Tukuyu lina uhusiano gani na gari la tajiri wa Ulaya? Jibu letu ni kwamba yote mawili yana adui mmoja, nalo ni joto. Na lugha isiyoweza kueleza sawasawa joto linaitendea nini breki haitaweza kumsaidia dereva wa lori, wala haitaweza kumtafsiria tajiri kitabu chake.

Barabara na hesabu yake

Mji wa Tukuyu, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe, uko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,500 kutoka usawa wa bahari. Juu yake unasimama Mlima Rungwe, wenye mita zinazokaribia 3,000. Chini yake, kusini, liko Ziwa Nyasa ambalo uso wake uko kwenye mita zipatazo 475. Barabara ya lami kutoka Uyole hupanda hadi Isongole, kisha hushuka kupitia Kiwira hadi Tukuyu, na kutoka hapo hushuka tena katikati ya mashamba ya chai na migomba hadi Ibanda na Kasumulu. Kwa hiyo gari linalotoka Tukuyu kwenda bonde la Kyela hushuka karibu mita 1,000.

Tufanye hesabu ndogo ambayo mwalimu wa fizikia anaweza kuwapa wanafunzi wake. Lori lenye uzito wa tani 30 likishuka mita 1,000 bila kuongeza mwendo, nishati yote iliyotokana na uzito wake lazima iende mahali fulani. Nishati hiyo inatosha kuzichemsha lita zaidi ya 800 za maji ya baridi. Sehemu yake huchukuliwa na upepo unaolikabili gari na na msuguano wa magurudumu. Sehemu nyingine huchukuliwa na injini, iwapo dereva ameweka gia nzito. Inayobaki huingia katika breki. Dereva akiteremka kwa gia nyepesi, au akiliacha gari liteleze bila gia ili kuokoa mafuta, karibu mzigo wote wa joto huwa juu ya vipande vichache vya chuma vilivyo ndani ya magurudumu.

Mwezi Julai 2018 ajali mbaya za malori zilitokea katika mteremko wa barabara hiyo upande wa Mbeya, na watu wengi walipoteza maisha. Hatuna nia ya kurudia habari hizo za huzuni. Tunazitaja kwa sababu zinatukumbusha maneno tunayoyakuta karibu katika kila taarifa ya ajali ya mteremkoni: "gari lilifeli breki". Maneno hayo mawili, kufeli breki, ndiyo kiini cha makala hii.

"Kufeli breki" ni nini hasa?

Hatuna ugomvi na neno "kufeli" kwa sababu ya asili yake. Kiswahili kimepokea maneno mengi ya kigeni na kuyafanya yake. "Breki" lenyewe ni mojawapo, na hakuna anayefikiria kulifukuza. Kasoro ya "kufeli" ni kwamba linafunika matukio ambayo hayafanani hata kidogo. Tuyatazame moja moja.

(a) Tukio la kwanza ni la breki iliyopata joto kupita kiasi. Pedi au bitana inayobana chuma hupoteza uwezo wake wa kusuguana. Nyingine hutoa hewa chafu inayojipenyeza kati ya vitu viwili vinavyobanana. Katika breki za dramu kuna tatizo la ziada: dramu ikipata joto hutanuka na kwenda mbali na shuu zinazoisukuma kutoka ndani. Dereva hukanyaga, pedali ni ngumu kama kawaida, lakini gari halipungui mwendo. Mabomba yote ni mazima, wala hakuna kilichovunjika. Breki ikipoa, nguvu yake hurudi, na pengine mkaguzi atakayefika kesho yake ataikuta inafanya kazi.

(b) Tukio la pili ni la mafuta ya breki kuchemka. Joto hupita kutoka kwenye pedi hadi kwenye mafuta yanayosukuma kalipa. Mafuta yakichemka hufanya mvuke, na mvuke, tofauti na mafuta, hubonyea. Dereva hukanyaga na pedali huzama hadi sakafuni. Jambo hili lina uhusiano wa karibu na umri wa mafuta, kwa maana mafuta ya breki hunyonya unyevu. Mafuta ya daraja la DOT 4 hutakiwa yasichemke chini ya nyuzi 230 za sentigredi yakiwa mapya. Yakisha kunyonya unyevu kiwango kinachotakiwa hushuka hadi nyuzi 155. Mwenye gari asiyebadilisha mafuta kwa miaka mingi, tena katika wilaya yenye mvua nyingi kama Rungwe, ana breki tofauti na ile aliyoinunua.

(c) Tukio la tatu ni la kitu kukatika au kuvuja: bomba limepasuka, mpira wa silinda umekwisha, au kiungo kimechomoka. Hapa joto huenda halihusiki kabisa. Gari linaweza kupatwa na mkasa huu hata kwenye uwanda.

(d) Tukio la nne ni la magari makubwa yenye breki za upepo. Dereva anayekanyaga na kuachia mara nyingi mteremkoni huutumia upepo upesi kuliko kompresa inavyoweza kuujaza. Katika malori mengi ya siku hizi upepo ukipungua mno, springi hujifungua na kuyabana magurudumu yenyewe. Kwa hiyo mtu akisema "upepo uliisha", huenda anaeleza gari lililokataa kusimama, au gari lililokataa kuondoka.

Ni dhahiri kwamba matukio haya yana sababu tofauti, tiba tofauti na wahusika tofauti. La kwanza mara nyingi ni suala la namna ya kuendesha na uzito wa shehena. La pili ni suala la matunzo. La tatu ni suala la ukaguzi wa vipuri. Karani anapoandika "kufeli breki" katika taarifa, na hakimu au mkaguzi akasoma maneno hayo hayo, hakuna anayejua kama anayepaswa kuulizwa ni dereva, fundi au mwenye gari. Istilahi moja imewafunika wote watatu, na somo ambalo lingeweza kuwaokoa wasafiri wa kesho halipatikani.

Maneno ambayo watu wanayo tayari

Kanuni inayokubalika katika uundaji wa istilahi ni kutazama kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe, kisha katika lahaja zake, kisha katika lugha za jirani, na mwisho katika lugha za kigeni. Kwa njia hiyo tulipata "ikulu" kutoka bara na "ngeli" kutoka Kihaya. Lakini kuna hazina nyingine ambayo watunzi wa istilahi huisahau: lugha ya watu wa kazi yenyewe. Katika karakana na vituo vya magari utasikia "breki za mafuta" na "breki za upepo". Majina haya ni mazuri kupita mengi yaliyoundwa ofisini, kwa kuwa yanaeleza mara moja kinachosukuma breki. Utasikia pia kwamba breki "zimechemka", "zimekatika", "hazishiki" au "zimekamata".

Kwa maoni yetu kazi ya msanifishaji hapa ni kuyapanga maneno hayo na kulipa kila moja mpaka wake. Pale palipo na pengo ndipo atafute neno jipya. Tunapendekeza hivi:

Kufifia kwa breki: kupungua kwa nguvu ya breki kwa sababu ya joto la pedi, bitana, diski au dramu, huku pedali ikibaki ngumu. Tumechagua "kufifia" kwa sababu nuru hufifia na sauti hufifia. Hupungua kidogo kidogo na huweza kurudi. Ndivyo ilivyo breki yenye joto.

Kuchemka kwa mafuta ya breki: kugeuka mvuke kwa mafuta ndani ya mabomba au kalipa, na pedali kuzama. Neno la mafundi "kuchemka" libaki hapa, wala lisitumiwe kwa tukio la kwanza.

Kukatika kwa breki: kuvunjika, kupasuka au kuvuja kwa kiungo chochote cha breki.

Kuisha kwa upepo: kupungua kwa shinikizo katika breki za upepo, na mwandishi aeleze kama gari lilishindwa kusimama au breki zilikamata.

"Kufeli breki" liendelee kuwa neno la jumla katika mazungumzo, lakini lisitosheleze katika taarifa ya ofisi wala katika kitabu cha mafunzo.

Diski za kaboni-kauri

Sasa tugeukie maandishi ya kigeni. Tuseme mfasiri amepewa kijitabu kinachomweleza mwenye gari namna ya kuondoa diski za chuma na kuweka za kaboni-kauri. Atakutana na mitego kadhaa, na kila mtego una madhara yake.

Mtego wa kwanza ni jina la gari lenyewe. Wengine huandika "gari la michezo". Msomaji wa kawaida atafikiri ni gari la kubebea timu ya mpira, au gari la kuchezea watoto. "Gari la mashindano" ni gari lililotengenezwa kushindana, kama yale ya Safari Rally iliyoanza mwaka 1953. Gari linalozungumzwa hapa huendeshwa barabarani na mtu yeyote mwenye leseni na fedha. "Gari la mwendokasi" nalo limekwisha kuchukuliwa, kwani tangu mwaka 2016 mkazi wa Dar es Salaam akisikia "mwendokasi" hufikiria basi. Kwa sasa "gari la spoti", ambalo vijana hulitumia, ndilo lisilomdanganya msomaji.

Mtego wa pili ni jina la kitu kinachotengenezewa diski. Mwandishi mvivu ataandika "diski za kaboni". Lakini diski za kaboni tupu ni kitu kingine. Ndege ya Concorde ilipoanza kubeba abiria mwaka 1976 ilikuwa na breki za kaboni, na magari ya mashindano ya Formula One huzitumia hadi leo. Breki hizo hushika vizuri zikisha kupata joto kali; zikiwa baridi hushika kwa shida. Haziwafai watu wanaokwenda sokoni. Diski ya kaboni-kauri hutengenezwa kwa nyuzi za kaboni na gundi, hukandamizwa katika umbo lake, huokwa mpaka gundi igeuke kaboni, kisha hunyweshwa silikoni iliyoyeyushwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 1,400. Silikoni na kaboni huungana na kuwa kauri ngumu sana. Diski ya namna hii hushika hata ikiwa baridi, huvumilia joto ambalo lingeichosha ya chuma, na uzito wake ni karibu nusu ya ule wa diski ya chuma ya ukubwa huo. Mwaka 2001 kampuni ya Porsche iliziweka katika gari lake la 911 GT2 kama sehemu ya kawaida ya gari. Mfasiri anayefupisha jina anambadilishia msomaji tabia ya breki yake.

Mtego wa tatu ni neno "kauri". Wapo wanaotaka "seramiki" kwa hofu kwamba "kauri" litamkumbusha msomaji kikombe na sahani. Sisi tunaona hofu hiyo haina msingi mkubwa. Kikombe cha kauri huvumilia chai ya moto, hakishiki kutu, na kikigongwa ukingoni humeguka. Diski ya kaboni-kauri nayo huvumilia moto, haishiki kutu, na fundi akiigonga kwa rimu wakati wa kubadili tairi huweza kumegeka ukingoni. Neno linalomwonya fundi kuwa mwangalifu ni neno jema. Tunapendekeza "kaboni-kauri". Ila "breki za kauri" peke yake lisitumiwe, kwa maana ziko pia pedi zenye nyuzi za kauri zinazobana diski za chuma za kawaida, nazo ni za bei ndogo. Aliyeagiza "breki za kauri" anaweza kupokea pedi alipotaka diski, au akaweka pedi zisizopatana na diski zake. Diski za kaboni-kauri zinahitaji pedi zilizotengenezwa kwa ajili yake.

Mtego wa nne ni vipuri vyenyewe. Diski nyingi za namna hii huuzwa na watengenezaji wengine, si na kiwanda kilichotengeneza gari. Madukani kwetu lugha imezoea kugawa vipuri mafungu mawili tu, halisi na feki. Mfasiri akifuata mazoea hayo ataviita "vipuri bandia", na atakuwa amemsingizia mtengenezaji halali kosa la udanganyifu. Kipuri cha mtengenezaji mwingine kinachouzwa kwa jina lake mwenyewe hakimdanganyi mtu. Kipuri bandia ni kile kinachojivika jina la mwingine. Kwa hiyo tunahitaji mafungu matatu: "kipuri cha kiwanda", "kipuri cha mtengenezaji mwingine" na "kipuri bandia". Mgawanyo huu una manufaa kwa afisa ugavi anayenunua bitana za lori la serikali sawasawa na kwa mwenye gari la spoti.

Mtego wa tano ni mdogo kwa sura lakini mkubwa kwa hatari. Diski ya chuma hupimwa uchakavu kwa unene wake. Diski ya kaboni-kauri huchakaa kidogo sana kwa unene, ilhali joto kali linalorudiarudia huila kaboni iliyo ndani. Hivyo uchakavu wake hupimwa hasa kwa uzito, na uzito wa chini unaoruhusiwa huandikwa kwenye diski. Mfasiri aliyezoea vitabu vya diski za chuma huweza kuandika "unene" bila kufikiri. Fundi atapima kwa kalipa ya kupimia, ataridhika, na atairudisha barabarani diski iliyokwisha.

Kubadilisha na kuboresha

Tuseme neno pia kuhusu vitenzi. Kuondoa kitu kilichochakaa na kuweka kingine cha aina ile ile ni "kubadilisha". Kuweka kitu cha daraja la juu kuliko cha awali ni "kuboresha". Matangazo ya biashara hupenda kuchanganya maneno haya. Tena kuboresha sehemu moja si kuboresha breki yote. Mtu akiweka diski za kaboni-kauri zenye thamani ya maelfu ya dola, akaacha mafuta ya zamani yenye unyevu, amepunguza hatari ya (a) na kuiacha ile ya (b) ikimngoja chini ya mlima. Mfasiri anayejua tofauti kati ya kufifia na kuchemka ataliona jambo hilo hata kama kijitabu hakikulieleza wazi.

Na je, diski hizi zingelisaidia lori la Tukuyu? Kwa bei yake na kwa uzito wa malori, hapana. Dawa ya mteremko wa Rungwe inajulikana, nayo ni rahisi: kupunguza mwendo kabla ya kuanza kushuka, kuweka gia nzito mapema, kuiachia injini ibebe mzigo, kutozidisha shehena, na kusimama kupumzisha breki zikianza kufifia bila kuzimwagia maji, kwa maana chuma chenye moto kikimwagiwa maji huweza kupasuka. Lakini hata dawa rahisi haiwezi kufundishwa na mwalimu asiye na maneno ya kueleza ugonjwa.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba istilahi za breki haziwahusu mafundi peke yao. Zinamhusu mwalimu wa chuo cha udereva, mfasiri wa vijitabu, karani anayejaza taarifa ya ajali na hakimu anayeisoma. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, istilahi nyingi zimesanifiwa katika nyanja za utawala, sheria na sayansi. Karakana nayo inastahili zamu yake, na mahali pa kuanzia ni kwa mafundi na madereva wenyewe.

Tunawaomba wasomaji, hasa walioko Rungwe, Kyela, Mbeya na sehemu nyingine zenye milima, watuletee maneno yanayotumika kwao kwa matukio manne tuliyoyaeleza. Ikiwa Tukuyu wana neno bora kuliko "kufifia", tutalipokea kwa furaha na kuliacha letu. Tunachoshikilia ni jambo moja tu: kila tukio liwe na jina lake, ili anayeandika "breki" katika taarifa amwambie msomaji wake ni nini hasa kilichotokea.